Kuchagua Silanti Inayohimili Kemikali kwa Ukarabati wa Maungio: Mwongozo kwa Mafundi na Wenye Majengo Kandokando ya Ziwa Victoria

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye kiwanda kimoja cha kuchakata minofu ya sangara, hapa hapa Mwanza, kutazama sakafu iliyokuwa imekarabatiwa miezi minne tu nyuma. Maungio yalikuwa yamejazwa silikoni nyeupe, mistari imenyooka, kazi haina doa. Nilishika ncha moja kwa vidole nikavuta, na kipande cha karibu mita tatu kikanyanyuka kutoka kwenye zege kama utumbo wa samaki unavyotoka tumboni. Chini yake palikuwa na maji meusi yenye mafuta na harufu ya uozo. Fundi aliyefanya kazi ile hakuwa mzembe. Aliyetumwa dukani aliomba silikoni nzuri, akauziwa silikoni nzuri. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza ni kitu gani humwagika juu ya maungio yale kila siku, kina ukali gani, kina joto gani, na hukaa hapo kwa muda gani kabla ya kusafishwa.

Mwongozo huu unahusu maswali hayo. Nitatumia neno silanti kwa dawa zote za kuzibia maungio zinazobaki laini au nusu laini baada ya kukauka, kwa sababu neno silikoni, ambalo mafundi wengi hulitumia kwa kila kitu kinachotoka kwenye tyubu, ni jina la familia moja tu kati ya kadhaa, na kulitumia kwa zote ndicho chanzo cha makosa mengi ninayoyaona. Nitasema ungio nikimaanisha nafasi iliyoachwa kwa makusudi kati ya vipande viwili vya jengo ili viweze kusogea: kati ya bamba moja la zege na jingine, kati ya sakafu na ukuta, kati ya zege na mfereji wa chuma.

Ziwa letu lina sababu yake ya kudai umakini huu. Sehemu kubwa ya Mwanza imejengwa juu ya mawe, na mara nyingi udongo uliopo juu ya mwamba ni mwembamba. Kimiminika kinachopenya kwenye ungio lililokufa hakipati udongo wa kutosha wa kukinyonya. Hufuata uso wa mwamba kuelekea bondeni, na bonde huishia ziwani. Maji ya kunywa ya jiji yanavutwa kutoka ziwa hilo hilo, Capri Point na Butimba. Kwa hiyo ungio la ghala la mafuta au la chumba cha kemikali ni kizuizi cha mwisho, na linastahili kuchaguliwa kwa uangalifu kama tangi lenyewe.

Hatua ya kwanza: andika kinachomwagika

Kabla ya kwenda dukani, chukua daftari, tepu ya kupimia na karatasi za kupimia asidi, kisha zunguka jengo lote. Kwa kila ungio andika mambo manne: jina la kemikali, ukali wake, joto lake, na muda inaokaa pale. Meneja atakueleza kilichoandikwa kwenye taratibu za usafi. Wanaojua kinachomwagwa kweli ni akina mama na vijana wa usafi wa zamu ya usiku, na ni wao unaopaswa kuketi nao. Waulize wanachanganya dawa wapi, wanapima kwa kipimo gani, na wanamwaga wapi kinachobaki kwenye ndoo.

Swali la mahali pa kuchanganyia ni zito kuliko linavyoonekana. Katika kiwanda cha samaki, maji ya klorini yanayotumika kuua vijidudu sakafuni mara nyingi huwa na miligramu 100 hadi 200 za klorini kwa lita, kiasi ambacho silanti nyingi nzuri hukistahimili ikiwa sakafu inasuuzwa baadaye. Lakini klorini ya viwandani inayofika kwenye madumu huwa na ukali wa asilimia 10 au zaidi, na katika kona ambako dumu linainamishwa kila alfajiri, matone yake huanguka sakafuni yakiwa bado hayajachanganywa na maji. Jengo moja na kemikali moja, lakini ni mazingira mawili tofauti kabisa. Ungio la kona ile linahitaji silanti nyingine, au bora zaidi, kona yenyewe ihamishwe mbali na ungio. Hapo hapo nitoe tahadhari moja: klorini isikutane kamwe na asidi ya kusafishia, iwe kwenye ndoo au kwenye mfereji, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayoweza kuua mtu katika chumba kilichofungwa.

Joto nalo huandikwa kwa namba. Majedwali mengi ya watengenezaji hupimwa kwenye nyuzi joto 20 hadi 23, ilhali sakafu ya kuoshea makreti hupigwa na maji ya nyuzi 60 au zaidi. Silanti iliyopewa alama nzuri dhidi ya kostiki soda katika joto la chumba inaweza kulainika ndani ya wiki chache soda hiyo hiyo ikiwa ya moto. Muda vilevile: mruko wa dakika tano unaosuuzwa, dimbwi la usiku kucha, na kuzama mwaka mzima ni masharti matatu yasiyolingana, na jedwali la maana huyatenganisha.

Usisahau vitu ambavyo watu hawaviiti kemikali. Mafuta ya samaki na ya mbegu za pamba, yakikaa, huvunjika na kutoa asidi za mafuta zinazokula zege polepole, hasa kingo za ungio. Maziwa yakichacha hutoa asidi ya laktiki. Damu, chumvi ya kukaushia samaki, mbolea iliyomwagika ghalani, vyote viandikwe.

Hatua ya pili: ujue ungio linasogea kiasi gani

Silanti inayohimili kila kemikali duniani haitakufaa ikiwa itapasuka zege likisogea, na hapa hesabu ndogo huokoa pesa nyingi. Kila mita moja ya zege hutanuka au kusinyaa kwa takriban milimita 0.01 kwa kila nyuzi joto moja. Chukua sakafu ya nje yenye mabamba ya mita 10, ambayo alfajiri ina nyuzi 18 na alasiri, chini ya jua letu la karibu na ikweta, uso wake unafika nyuzi 48. Tofauti ni nyuzi 30, hivyo ungio litasogea kwa milimita 3. Silanti ya daraja la 25, yaani inayoweza kuvutwa au kubanwa kwa asilimia 25 ya upana wake, itahitaji ungio lenye upana usiopungua milimita 12 ili milimita hizo 3 zisiishinde. Ukiikuta sakafu hiyo na maungio ya milimita 5, hakuna tyubu itakayoiokoa. Ungio lazima likatwe lipanuliwe.

Vyumba vya ubaridi vya samaki vina hesabu yao. Chumba kinachoshushwa kutoka nyuzi 28 hadi nyuzi 18 chini ya sifuri kimepoteza nyuzi 46, na bamba la mita 6 litasinyaa kwa karibu milimita 2.8. Ukijaza ungio kabla chumba hakijapozwa, utalikuta limeachana na ukuta mmoja wiki ya kwanza. Subiri chumba kifikie joto lake la kazi, na tumia bidhaa ambayo mtengenezaji ameandika wazi kwamba inakauka katika ubaridi huo.

Tenganisha pia maungio yanayosogea na yale yaliyokatwa kwa msumeno ili kuelekeza nyufa za zege changa. Haya ya pili, ndani ya jengo lenye joto tulivu, yakishapita miezi miwili mitatu ya kusinyaa hayasogei sana, lakini hupigwa na magurudumu magumu ya toroli na foklifti. Silanti laini hapo huzama, kingo za zege hubaki bila msaada, na magurudumu huzivunja. Maungio hayo yanahitaji dawa nusu ngumu iliyojazwa kina chote cha mkato, bila kamba ya povu ya kujazia chini yake.

Hatua ya tatu: zifahamu familia za silanti

Polisalfaidi ndiyo familia ninayoiheshimu zaidi kwa kazi za petroli, dizeli na mafuta ya mashine. Kwa kawaida huja katika sehemu mbili zinazochanganywa, hukauka polepole, hubaki kama mpira na hustahimili kuzama kwenye maji kwa miaka. Udhaifu wake uko kwenye asidi kali zinazooksidisha, kama asidi ya nitriki, na kwenye klorini kali. Aina nyingine pia huliwa na bakteria wa maji taka, hivyo kwenye chemba na makaro usiitumie isipokuwa karatasi yake inataja maji taka kwa jina.

Poliurethani hushika zege kwa nguvu na haichubuki upesi, ndiyo maana ni chaguo la kawaida kwa sakafu za maghala na njia za watu. Hustahimili sabuni za kawaida, mafuta ya kula kwa kiasi, na kumwagikiwa kidogo na dizeli. Haipendi klorini kali, asidi kali, thina na maji ya moto ya mara kwa mara. Juani, aina za bei ya chini hupauka na kupasuka nyufa ndogo juu. Tena hutoa gesi inapokutana na unyevu kabla ya kukauka, na ukiiweka kwenye zege lenye maji utaona mapovu yanachomoza kama maandazi.

Silikoni haina mpinzani kwenye jua na joto, na nyingine huvutwa hadi asilimia 50 ya upana wake. Madirisha, vioo, paneli za vyumba vya ubaridi na meza za maabara ndiyo mahali pake. Lakini petroli na mafuta huivimbisha, kisu huichana kwa urahisi, na aina inayonuka siki wakati wa kukauka hutoa asidi inayoshambulia chokaa ya zege na kutia kutu chuma. Nusa kabla ya kununua: ikinuka siki, isiende kwenye zege. Kuna jambo jingine ambalo silipatii msamaha: silikoni ikishakaa kwenye ungio huacha utando ambao karibu hakuna silanti nyingine inayoushika, na kwa hiyo uamuzi mbaya wa leo unamfunga mkono fundi wa kesho.

Polima za haibridi, ambazo zimeingia kwenye maduka yetu kwa wingi, hazitoi mapovu, hustahimili unyevu kidogo na hupakika rangi. Kwa kemikali ni za wastani. Ninazipenda kwa kuta na kwa nyumba za makazi. Kwa sakafu ya kiwanda huwa nasita.

Epoksi husimama upande wa pili: hustahimili mengi, haisogei sana. Epoksi nusu ngumu zinafaa maungio ya msumeno yaliyotajwa, na epoksi za aina ya novolaki ndizo hutajwa pale penye asidi ya salfuriki ya ukali mkubwa. Akriliki ya maji ni ya ndani na ya ukutani tu, na lami, pamoja na uzuri wake barabarani, huyeyuka ikiguswa na petroli au dizeli, hivyo isionekane kwenye kituo cha mafuta.

Hatua ya nne: linganisha mahali na dawa

Sakafu ya kuchakata samaki ndiyo ngumu kuliko zote hapa kwetu, kwa sababu inakusanya kila adui: mafuta, damu, klorini, sabuni za kostiki, maji ya moto, magurudumu na unyevu usiokoma. Katika uwanja mkuu wa kazi, penye klorini iliyochanganywa vizuri, mimi hupendelea poliurethani ya sehemu mbili iliyotengenezwa mahsusi kwa viwanda vya vyakula, au epoksi nusu ngumu mahali penye magurudumu. Kandokando ya mfereji wa chuma, ambako maji ya moto hupita na chuma hutanuka tofauti na zege, ninadai ungio pana zaidi, praima (dawa inayopakwa kwanza ili silanti ishike) mbili tofauti, moja ya zege na nyingine ya chuma, na ukaguzi wa kila robo mwaka. Ungio la sakafu na ukuta lipewe kona ya mviringo ili uchafu usijibanze. Dawa yoyote inayoweza kugusana na chakula iwe na hati ya mtengenezaji inayosema hivyo.

Katika kituo cha mafuta au kizimba cha tangi la dizeli, yaani ukuta na sakafu vinavyolizunguka ili kuzuia mafuta yakimwagika, polisalfaidi ndiyo jibu langu la kwanza. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kizimba kiweze kubeba asilimia 110 ya tangi kubwa lililomo. Kizimba chenye ukuta imara na ungio lililojazwa lami hakibebi chochote siku ya ajali. Kumbuka vilevile kwamba kizimba hukaa kikavu miaka mingi juani, kisha siku moja huzamishwa kwenye dizeli. Silanti inapaswa kuhimili yote mawili.

Chumba cha kuchajia betri kina asidi ya salfuriki ya takriban asilimia 35 kwa uzito. Ni ukali unaoua polepole poliurethani ya kawaida. Epoksi ya novolaki kwenye sakafu na maungio machache iwezekanavyo ndiyo njia. Kama unajenga upya, panga mabamba ili ungio lisipite chini ya rafu za betri kabisa.

Kwa chemba na makaro ya maji taka, adui yuko juu ya maji kuliko ndani yake. Gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza hupanda, bakteria waliopo kwenye dari na kuta zenye unyevu huigeuza kuwa asidi ya salfuriki, na ungio la juu hufa kabla ya lile la chini. Yeyote anayeingia humo kwa ukarabati aingie baada ya hewa kupulizwa na kupimwa, akiwa na mwenzake juu mwenye kamba.

Maghala ya mbolea na pamba na maduka ya maziwa yana masharti mepesi kiasi, tofauti na karakana za rangi, ambako thina na asetoni hulainisha poliurethani na hata epoksi nyingi. Hapo soma jedwali kwa jina la kimiminika chenyewe.

Hatua ya tano: soma karatasi, kisha jaribu mwenyewe

Muuzaji akupe karatasi ya taarifa za kiufundi na karatasi ya usalama. Tafuta daraja la usogeaji, orodha ya kemikali pamoja na ukali na joto vilivyopimwa, kina cha chini, praima, na muda kabla ya kuruhusu kemikali kugusa. Neno "hustahimili kemikali" lililoandikwa kwenye tyubu bila orodha halina thamani yoyote. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi, maana tyubu nyingi hudumu miezi 9 hadi 12 tu zikihifadhiwa mahali pa baridi, na zile zilizokaa chini ya bati la moto la duka huanza kuganda mapema. Minya tyubu: ikiwa na mabonge, irudishe.

Halafu fanya jaribio ambalo halihitaji maabara. Mimina silanti kwenye vipande vidogo vya unene wa milimita 6, na vilevile jaza pengo kati ya vijitofali viwili vya zege vilivyopakwa praima. Viache vikauke kwa muda wote uliotajwa kwenye karatasi, mara nyingi wiki mbili. Pima uzito wa kila kipande kwa mizani ndogo ya sonara au ya jikoni, andika, kisha vitumbukize kwenye kimiminika chenyewe kutoka kwenye jengo lako, si kilichonunuliwa kingine, kwenye chupa ya kioo iliyofungwa. Baada ya siku 7, 14 na 28 vitoe, vifute, vipime tena. Kipande kilichoongezeka au kupungua uzito kwa zaidi ya asilimia 10, kinachonata, kinachochuja rangi kwenye kitambaa, au kinachobonyea kwa ukucha kuliko awali, mimi hukikataa. Vijitofali vivute kwa mikono: silanti ikichanika yenyewe katikati huku imeshika pande zote mbili, mshiko ni mzuri, ikiachia zege ikiwa safi, praima au maandalizi hayakufaa. Mwezi mmoja wa kusubiri huwaudhi wenye viwanda, nami ninawaelewa, lakini siku moja ya kusimamisha mstari wa uzalishaji kwa ajili ya kurudia kazi hugharimu kuliko chupa zote hizo.

Hatua ya sita: andaa ungio

Hapa ndipo kazi nyingi zinapokufa, na hapa ndipo ninapomwomba fundi asikubali kuharakishwa. Ondoa silanti ya zamani yote kwa kisu na tindo, kisha kata kila ukingo kwa grenda yenye diski ya almasi, milimita 2 hadi 3 kila upande, hadi zege jipya lionekane. Penye mafuta ya samaki huenda ukalazimika kukata zaidi. Uoshaji wa maji ya moto na sabuni uje kabla ya kukata, ili diski isisukume mafuta ndani. Petroli isitumike kusafishia. Hubeba mafuta hadi ndani ya vinyweleo vya zege na kuyaacha humo, mbali na hatari ya moto.

Dondosha tone la maji kwenye ukingo uliokatwa. Likinywewa na zege, endelea. Likisimama kama shanga, bado kuna mafuta au utando wa silikoni, kata tena. Kingo zilizovunjika zijengwe upya kwa mota ya epoksi, kwa sababu silanti haiwezi kushika kilichooza. Vumbi lote litolewe kwa brashi na kompresa yenye kichujio cha mafuta.

Unyevu upimwe. Bandika kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45 juu ya zege, ziba kingo zake zote kwa utepe, kiache saa 16 au zaidi. Ukikuta matone chini yake au zege limekoza rangi, kuna maji yanayopanda. Jaribio hili ni la lazima kwa majengo ya chini karibu na ziwa. Ziwa lilipopanda sana mwaka 2020, sakafu nyingi za kandokando zilianza kusukumwa na maji kutoka chini, na silanti isiyo na praima ya kuzuia unyevu hubanduka kwa shinikizo hilo. Zege jipya lisubiri siku 28.

Kisha weka kamba ya kujazia, ile ya povu la plastiki lenye vijichumba vilivyofungwa, yenye unene unaozidi upana wa ungio kwa robo: ungio la milimita 12 huhitaji kamba ya milimita 15 au 16. Isukume kwa kifaa butu, maana ikichomwa hutoa hewa na kuacha mapovu. Magazeti, matambara ya magunia na sponji la godoro hunyonya maji na kuoza. Nimeyatoa kwenye maungio mengi mno. Pale ambapo ungio ni fupi kwa kina na kamba haienei, bandika utepe laini wa plastiki chini, ili silanti ishike kuta mbili tu. Ikishika na chini pia, haiwezi kuvutika na huchanika mapema.

Praima ipakwe nyembamba, ikauke kwa muda ulioandikwa, na isiachwe kupita muda huo. Ikipita, ipakwe upya.

Hatua ya saba: jaza

Kwa kawaida kina cha silanti ni nusu ya upana, lakini kwenye zege linalokaa na kimiminika, watengenezaji wengi hutaka kisipungue milimita 10. Kiasi cha kununua hupatikana kwa kuzidisha upana na kina kwa milimita: ungio la 12 kwa 10 hula mililita 120 kwa kila mita, hivyo mfuko wa mililita 600 hufika mita 5. Mita 100 zitataka mifuko 20, na kwa upotevu wa asilimia 15 ununue 23.

Silanti ya sehemu mbili ichanganywe pakiti nzima kwa mashine ya mwendo wa polepole, ukikwangua kuta na kitako cha kopo, mpaka michirizi ya rangi itoweke yote. Kugawa nusu pakiti kwa macho ni kujitakia sehemu ambazo hazitakauka kamwe. Joto letu hupunguza muda wa kufanyia kazi. Kwa makadirio ya haraka, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukata muda huo karibu nusu, basi changanya kidogo kidogo na uweke makopo kivulini. Vaa glovu na miwani. Poliurethani zina isosianeti, zinazodhuru mapafu, hivyo milango ifunguliwe.

Chagua saa. Alasiri, kuanzia saa tisa, joto linapoanza kushuka, zege huacha kupumua hewa nje na mapovu hupungua, isipokuwa majira ya vuli na masika ambapo mvua ndiyo inayoamua. Alfajiri kandokando ya ziwa uso wa zege huwa na umande hata usipoonekana. Usijaze usiku chini ya taa: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka majini kama moshi hufuata mwanga, na nimeona ungio zima lililogeuka jeusi kwa miili yao iliyonasa.

Bandika utepe wa karatasi kwenye kingo, jaza kutoka chini kwenda juu bila kuacha hewa, kandamiza kwa kijiko cha kulainishia ili silanti iguse kuta, kisha vua utepe kabla uso haujaanza kukauka. Usilainishe kwa maji ya sabuni kwenye poliurethani au polisalfaidi kama mtengenezaji hakuruhusu.

Hatua ya nane: subiri, pima, andika

Uso kukauka si silanti kukomaa. Nyingi huhitaji siku 7, na zile za tyubu moja kwenye ungio la kina hukomaa milimita 2 au 3 tu kwa siku, kutoka juu kwenda chini. Weka kizuizi cha toroli, na umwambie msimamizi wa usafi kwa maandishi tarehe ambayo klorini au kostiki itaruhusiwa kupita.

Baada ya kukomaa, chagua mahali pasipoonekana, kata silanti kwa upana, kisha kata kandokando ya kuta zote mbili kwa sentimita 5, na uivute juu wima. Ikinyooka na kuchanika yenyewe ilhali imebaki kwenye kuta, funga pengo kwa silanti mpya na ukabidhi kazi. Ikiachia ukuta, ni afadhali ujue leo.

Mwishoni chora ramani ya sakafu, uandike kila ungio limejazwa nini, namba ya toleo la pakiti, tarehe, hali ya hewa na kemikali inayopita hapo, nayo ibandikwe ndani ya mlango wa stoo ya dawa za usafi. Kila miezi mitatu mtu apite na kucha yake na tochi, aweke alama kwenye ramani hiyo penye kubanduka, kulainika au kupauka. Na siku mwenye kiwanda atakapobadilisha sabuni kwa sababu ameipata nyingine ya bei nafuu, dumu la sabuni hiyo mpya lifike kwanza kwa aliye na ramani, pamoja na vipande viwili vya silanti vilivyohifadhiwa tangu siku ya kujaza, ili jaribio la chupa lifanywe kabla dumu halijafunguliwa sakafuni.